Mi ndo niliyeibiwa, na bado sijaona haki

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Kila ujambazi ukitokea nasikia watu redioni wanataka adhabu ziongezwe, wafungwe maisha, wanyongwe, na mi nawaelewa kabisa maana nilishawekewa panga shingoni mwaka 2018, saa tano usiku narudi nyumbani, wakaondoka na simu na pikipiki ambayo marejesho yake nilikuwa bado sijamaliza.

Lakini jamani hapa Tanzania unyang'anyi wa kutumia silaha tayari ni miaka 30 jela, na hiyo ndo ya chini, hakimu haruhusiwi kushuka hapo. Dhamana hakuna. Sasa wale wawili walionikaba mnadhani walikuwa hawajui? Mvua 30 kila mtoto wa mtaani anaijua. Walichokuwa na uhakika nacho ni kwamba hakuna atakayewafuata.

Baada ya wiki mbili hivi akakamatwa kijana mmoja wa mtaa wa pili. Nikawaambia ukweli wapelelezi, kulikuwa na giza, mmoja alivaa kofia, siwezi kuapa kwamba ni huyu. Wakasema we andika maelezo mengine tuachie sisi. Ikaanza safari ya mahakamani, karandinga linakuja, linashusha mahabusu, jina linaitwa, wakili wa serikali anasimama anasema upelelezi haujakamilika, wiki mbili tena, na tena, mwaka ukaisha, wa pili ukaisha. Upelelezi gani huo? Simu yangu haikufuatiliwa, pikipiki haikutafutwa, huyo wa pili hata jina hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimelisikia. Nilikuwa nafunga kibanda changu naenda kukaa pale chini ya mti, mama wa yule kijana anakaa upande wa pili, tulikuwa hatusalimiani.

Mwaka wa tatu DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka wa serikali, akasema hana nia ya kuendelea na kesi. Basi. Kijana katoka na kifua kinambana, mama yake kauza kiwanja, na mi mlalamikaji hakuna aliyenipigia hata simu, habari nimezipata kwa huyo huyo mama sokoni. Siku hiyo ndo tukasalimiana.

Najua watu wameshapiga kelele kuhusu haya. Mei 2020 Mahakama Kuu ilisema kunyima dhamana moja kwa moja kwa makosa haya ni kinyume cha Katiba, Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Mwaka 2022 sheria ikarekebishwa ili mtu asifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika, ila makosa makubwa yakaachwa nje, na hayo ndo hasa watu wanaozea ndani. 2023 tukawa na Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ripoti ikakabidhiwa Julai. Mi nilitegemea sana hiyo tume.

Ninachoomba ni kidogo tu. Hakimu aachiwe apime mwenyewe nani apewe dhamana na nani hapana, maana kuna jambazi kweli ambaye akitoka leo kesho anaua shahidi, huyo akae ndani, lakini kuna mwingine ameshikwa kwa sababu tu alipita pale. Na hela ziende kwa wapelelezi, wawe na mafuta ya gari, wawe na watu wa alama za vidole na wa kufuatilia simu mpaka wilayani siyo makao makuu tu. Mwizi akijua atakamatwa ndani ya mwezi na kesi yake itasikilizwa mwaka huo huo, hata ukimwambia miaka mitano atatetemeka kuliko hiyo 30 ambayo anajua haimfikii. Na sisi tulioibiwa tuambiwe kesi zetu zimeishia wapi, kweli hilo nalo linahitaji bajeti?

Kuna jirani yangu mpaka leo ananilaumu eti nilikosea kwenda polisi, ningepiga yowe tu siku nilipomwona yule kijana watu wangemmaliza pale pale na tairi. Mtaani wengi wanafikiri hivyo sasa hivi, na siyo watu wabaya, wamechoka. Ila ningemsikiliza, yule kijana angekuwa marehemu, na mi mpaka leo sijui kama ni yeye.

Msomaji wenu,
Morogoro