Kifurushi kilicholipiwa kisifutwe kabla hakijatumika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo wengi wetu tunaotegemea laini ya simu kupata intaneti tumekwisha kulizoea, ingawa halikustahili kuzoeleka. Ni kule kufutwa kwa MB ambazo mteja amezilipia, kwa sababu tu muda wa kifurushi umefika ukomo.

Mwaka 2021, baada ya malalamiko mengi ya wananchi, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitoa maelekezo mapya kwa kampuni za simu. Mteja apewe taarifa matumizi yake yanapofikia asilimia 75 na yanapofikia asilimia 100. Aweze kumhamishia mwenzake sehemu ya kifurushi. Asikatwe salio la kawaida bila ridhaa yake bando linapokwisha. Na akinunua kifurushi kilekile kabla ya muda kumalizika, aendelee na MB zilizobaki. Wasomaji watakumbuka pia kwamba bei zilizoanza kuonekana kwenye simu zetu Aprili 2 mwaka huo zilizua kelele kiasi kwamba zilisitishwa karibu papo hapo. Bei hizo ndizo zilizozungumzwa zaidi, na masharti ya kifurushi yakapita bila kujadiliwa vya kutosha.

Sharti hilo la kununua kifurushi kilekile, tena kabla ya muda kwisha, ndilo lililonifanya niandike. Mtu aliyenunua kifurushi cha wiki siku alipouza mahindi yake hana uhakika wa kuwa na kiasi kilekile cha fedha siku kifurushi kinapomalizika. Akinunua cha bei ndogo zaidi, au akichelewa hadi asubuhi kwa kuwa muda ulikwisha usiku akiwa amelala, anapoteza vyote vilivyobaki. Kwa hiyo kinga iliyokusudiwa kumlinda mteja inamfaa zaidi mwenye kipato cha uhakika, ambaye pengine hata asingeona uchungu wa kupoteza MB mia chache. Kwa upande wangu, ujumbe wa kampuni ninayoitumia hunifikia muda ukiwa umekwisha, wakati hakuna tena cha kuokoa.

Kipato kidogo humwadhibu mteja kwa njia nyingine pia. Kadiri kifurushi kinavyokuwa kidogo na cha muda mfupi, ndivyo MB moja inavyozidi kuwa ghali. Anayemudu cha mwezi analipa nafuu kuliko anayeunga cha siku baada ya siku. Ndiyo maana watu hutembea na laini mbili au tatu na kuzibadilisha kila ofa inapojitokeza, na kila laini inabaki na masalia yake yanayosubiri kufutwa.

Najua hoja ya kampuni, nayo si ya kubezwa. Mtandao haufanani na ghala la nafaka: uwezo wa mnara usiotumika usiku wa leo hauwezi kuwekwa akiba kwa ajili ya kesho jioni, wakati kila mtu anapofungua simu. Kwa sababu hiyo naona ni halali kifurushi cha usiku, kinachouzwa kwa bei ya chini ili kupunguza msongamano wa mchana, kikome alfajiri. Lakini hoja hiyo haifiki kwenye kifurushi cha wiki au cha mwezi kinachotumika saa yoyote, kwa maana kampuni yenyewe haikujua ni saa ngapi ningekitumia wakati iliponiuzia.

Wenzetu wamelishughulikia jambo hili. Afrika Kusini, kanuni zilizoanza kutumika mwaka 2019 zinazitaka kampuni zimpe mteja njia ya kusogeza mbele data iliyobaki. Nchini Kenya, Safaricom ilianza kuuza data isiyo na ukomo wa muda Oktoba 2019. Hapa kwetu pia vifurushi vya aina hiyo vipo, ila bei ya MB moja huwa juu, na anayehesabu shilingi zake huishia kurudi kwenye kile chenye ukomo. Wapo watakaoniambia nihame mtandao, kwa kuwa tangu Machi 2017 tunaweza kuhama bila kubadili namba. Nihamie wapi, ikiwa masharti yanafanana?

Ninachoiomba Mamlaka ni mambo mawili. Kwanza, MB zilizobaki zirudi zenyewe mteja anaponunua kifurushi chochote cha intaneti ndani ya siku kadhaa baada ya ukomo, bila kujali bei yake. Pili, ujumbe wa kukumbusha utumwe mchana wa siku moja kabla, ukitaja MB zilizobaki na saa zitakapofutwa. Kampuni tayari zinahesabu matumizi yetu hadi MB ya mwisho, hivyo mtambo wa kufanya kazi hiyo wanao.

Msomaji wako,
Mwalimu wa sekondari,
Kilosa, Morogoro.