Cheti kinasema Ali, baba ni Ally: mtoto aandikishwe kwa jina lipi?

Ndugu Mhariri,

Naomba ushauri wa wasomaji wako, hasa walimu wakuu na waliowahi kushughulikia marekebisho ya vyeti vya kuzaliwa RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Mtoto wetu anaandikishwa darasa la kwanza shule ya serikali, aanze Januari. Umri hauna shida, miaka 6 ametimiza. Ada haipo tangu 2016. Tumekwama kwenye herufi mbili.

Cheti cha kuzaliwa kina "Ali" kwenye jina la baba. Kitambulisho cha taifa (NIDA) cha baba mwenyewe kina "Ally". Kadi ya kliniki ina "Aly", na chekechea walimwandika mtoto kwa jina la nyumbani lisilokuwamo kwenye karatasi yoyote. Baba anataka shuleni liandikwe kama lilivyo NIDA, cheti tutarekebisha baadaye. Mimi nasema ama lifuate cheti hivyo hivyo kilivyo, ama cheti kirekebishwe kwanza.

Hofu yangu ni kwamba jina la siku ya kuandikishwa haliishii kwenye daftari la shule. Linaingizwa kwenye PREM, mfumo wa Baraza la Mitihani wa kumbukumbu za wanafunzi, mtoto anapata namba, na akihama shule anahama nayo. Orodha ya upimaji wa darasa la nne hutoka humo, ya upimaji wa mwisho wa shule ya msingi vilevile, na sekondari anaendelea na majina aliyomalizia shule ya msingi. Kwa hiyo "Ally" wa darasa la kwanza ndiye atakayekuwa kwenye cheti cha kidato cha nne. Akifika kuomba mkopo wa chuo, Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, na hapo ndipo Ali na Ally watakutana. NIDA na pasipoti ni hivyo hivyo. Wengi huishia kwa wakili kuandaa hati ya kubadili jina, kisha kuisajili kwa Msajili wa Hati. Fedha na siku zote hizo kwa ajili ya herufi!

Na makosa yenyewe huingia kirahisi mno. Siku za kuandikisha foleni ni ndefu, mwalimu anauliza jina, mzazi anatamka, mwalimu anaandika alivyosikia: Mohamedi au Muhammad, Zuhra au Zuhura, Athumani au Othman. Kivuli cha cheti kinabanwa kwenye faili bila kulinganishwa na kilichoandikwa. Wengine hutaja majina mawili, mwalimu akatafuta la tatu, akapewa la ukoo badala ya la babu. (Wapo pia wanaosogeza mwaka wa kuzaliwa ili mtoto aingie mapema. Hilo kwetu halipo.)

Kinachonitatiza zaidi ni kwamba cheti chake ni kile cha mpango wa kusajili watoto chini ya miaka mitano, kilichojazwa kwa mkono ofisi ya kata.

Sasa maswali yangu. Cheti cha namna hiyo hurekebishwa pale pale kata, au ni lazima kwa msajili wa wilaya, ofisi ya Mkuu wa Wilaya? Kitambulisho cha baba na kadi ya kliniki vinatosha, au watataka na kiapo cha mahakamani, ukizingatia kwamba hata kadi yenyewe ina "Aly"? Tukiandikisha kwa "Ali" kisha cheti kikatoka na "Ally", mwalimu mkuu anaweza kubadili kwenye PREM mwenyewe, au suala linapanda kwa afisa elimu wa wilaya? Na mwisho wa kufanya hivyo ni lini, kabla ya usajili wa darasa la nne au hata baada yake?

Uandikishaji unafungwa karibuni, na baba mtu bado ameshikilia lake.

Mzazi,
Morogoro