Ufaulu huu wa Hisabati ni wa kwenye karatasi tu

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nalisoma miaka mingi na sijawahi kukuandikia. Ila ile habari ya wiki iliyopita, yenye picha ya walimu wakikata keki eti darasa la saba "limeng'ara" katika Hisabati, imenishinda kuvumilia.

Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi. Mpwa wangu, mmoja wa hao waliong'ara, anashinda dukani akisubiri kidato cha kwanza. MAGAZIJUTO, ule mfuatano wa mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa, anao kichwani, na KDS (kigawe kidogo cha shirika) na KKS (kigawo kikubwa cha shirika) atakutajia hata ukimwamsha usiku wa manane. Juzi akaja mteja na vipimo vya chumba, mita 4 kwa 3.5. Anataka marumaru za sentimita 40 kwa 40, boksi lina vipande 12. Kijana akachukua simu, akabonyeza 4 mara 3.5 mara 40, akatangaza: "Maboksi 560." Wala hakucheka. Mhariri, maboksi 560 kwa chumba cha kulala! Mteja akashika kiuno. Kijana kuona nimekunja uso, akasema, "Basi 56." Nikanyamaza. "Au 28?" Kumbe anachagua herufi! Mtihani wa taifa wa Hisabati uligeuzwa wa kuchagua majibu mwaka 2012, na ingawa maswali machache ya kuonesha njia yalirudishwa baadaye, mazoea yamebaki: jibu limo humo humo kwenye karatasi, wewe bahatisha. Nani anawafundisha kujiuliza kwanza kama jibu linaingia akilini? Chumba ni mita za mraba 14, boksi moja linafunika karibu 2. Saba yanapungua kidogo, chukua manane, nenda zako. Hesabu hiyo haitaki simu wala kalamu.

Asilimia ndiyo usiseme. Hawa wa mikopo ya kausha damu waliojaa mtaani kwetu wanatamba na "riba asilimia 20 tu". Unapewa 100,000, unarejesha 4,000 kila siku kwa siku 30. Tu! Benki ikikutajia riba, kwa kawaida ni ya mwaka. Hii ni ya mwezi mmoja, tena marejesho yanaanza kesho yake, kwa hiyo hiyo laki nzima hukai nayo. Mama ntilie anasaini, mwanawe wa darasa la sita kakaa pembeni anatafuta thamani ya x. Na hao jamaa wanaruhusiwaje kubandika mabango hadi kwenye ukuta wa shule?

Ushauri wangu: mtihani ujao uwe na swali moja lenye nusu ya alama zote. Mtahiniwa aingizwe ofisini kwa mwalimu mkuu, aangalie sakafu, aseme inakula maboksi mangapi ya marumaru, ndipo apewe tepu apime. Atakayevuka 100 arudi darasa la tano, na msimamizi wake amsindikize. Tepu nitaziuza mimi, kwa bei ya jumla.

Muuza vifaa vya ujenzi,
Morogoro