Muvi na vitabu vilivyonikaa mwaka huu

Rafiki yangu mpenzi,

Salamu nyingi sana, natumai hujambo na wote walio karibu nawe hawajambo. Uliniuliza mwaka huu nimependa nini kwenye muvi na vitabu, ukasema nisikupe orodha kavu, nikupe na sababu. Basi kaa vizuri, haya hayaandikiki kwenye meseji, na yatatoka bila mpangilio maana ndivyo yalivyo kichwani.

Kwanza nikwambie kitu ndio uelewe hivi vyote vimeingiaje. Mwaka huu nimejikuta navutiwa na stori zisizonimalizia. Yaani zile ambazo mwandishi au dairekta akifika mahali anaachia, anakuacha wewe na watu wake, hakwambii nani kashinda wala baadaye ilikuwaje. Si unakumbuka tulivyokuwa tunalalamika wote wawili, "sasa ndio imeishia wapi hii?" Siku hizi zile zinazofunga kila kitu vizuri nikizima tu zimeshanitoka, ila hizi zinazoachia natembea nazo, napika nazo, usiku nalala nabishana nazo.

Nianze na Perfect Days kwa sababu najua uliizima katikati. Ukaniambia haina stori, mzee anaamka anasafisha vyoo analala, anaamka anasafisha vyoo analala. Ni kweli ndivyo ilivyo. Ni ya Wim Wenders, Mjerumani, lakini yote iko Tokyo na ilitoka 2023, na huyo mzee Hirayama kaigizwa na Koji Yakusho ambaye mwaka uleule alipewa tuzo ya mwigizaji bora kwenye tamasha la filamu la Cannes, na maneno anayoongea muvi nzima ni ya kuhesabu. Sasa hebu irudie, safari hii mwangalie mikono. Ana kioo kidogo anakipitisha chini ya ukingo wa choo, aone sehemu ambayo hakuna binadamu atakayeinama kuikagua. Kijana anayefanya naye kazi anamshangaa, si vitachafuka tena tu, yeye anaendelea. Halafu kuna kile kikaratasi, jamani. Anakikuta kimefichwa kwenye choo kimoja, kimechorwa ule mchezo wa sifuri na eksi, anaweka alama yake anakirudisha palepale, akija tena anakuta mtu ameshajibu, wanaendelea hivyo hadi mchezo unaisha na yule mtu anaandika asante. Ni nani? Hatuonyeshwi. Mimi nilisimamisha muvi pale nikatabasamu peke yangu.

Na ukifika pale dada yake anapokuja na gari la kifahari lenye dereva kumchukua binti yake aliyekuwa amekimbilia kwa Hirayama, usitoke hata kwenda kuchukua maji. Anamuuliza, ni kweli unasafisha vyoo? Kisha inakuja habari ya baba yao, kwamba amezeeka, hayuko kama zamani, aende akamwone. Hirayama anatikisa kichwa tu. Wanakumbatiana, gari linaondoka, na yule mzee ambaye muda wote umemzoea mtulivu analia. Baba alimfanya nini? Hatuambiwi hata kidogo, na hapo ndipo nilipomjua kuliko watu wengi ambao muvi zao zimenieleza maisha yao tangu utotoni. Wewe uliita kukosa stori, mimi naona stori ipo, ila wametuamini tuibebe wenyewe.

Baada ya hiyo nikarudi nyuma kabisa, Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, 1948. Nyeusi na nyeupe, Kiitaliano, steringi wake Lamberto Maggiorani alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, siyo mwigizaji. Mtu amekaa bila kazi, anapata kazi ya kubandika matangazo ukutani, sharti awe na baiskeli, na baiskeli ameiweka rehani. Mke wake anatoa mashuka ya kitandani, anayafunga, wanayapeleka rehani ili waikomboe. Sasa sikiliza. Karani anapokea lile furushi, anaondoka nalo, kamera inamfuata, anaanza kupanda shelfu kwenda kuliweka, na unaona shelfu inapanda, inapanda, mafurushi mpaka juu kabisa. Hakuna mtu anayesema chochote. Kila furushi ni kitanda cha familia fulani kilichobaki wazi! Sekunde chache tu zile, na umeshajua mji mzima una hali gani. Baadaye baiskeli inaibiwa, anazunguka Roma na mtoto wake Bruno kuitafuta, na mwishoni baba mwenyewe anajaribu kuiba baiskeli ya mtu, anakamatwa mtoto akiona. Wanamwachia. Wanatembea kwenye umati, mtoto anamshika mkono, imeisha. Kesho watakula nini, kazi itakuwaje, hakuna anayekwambia. Nina hasira na ule mwisho mpaka leo lakini sitaki ubadilishwe hata kidogo.

Kwa vitabu, cha kwanza ni Peponi bila kufikiria mara mbili. Ni ile Paradise ya Abdulrazak Gurnah ya 1994, iliyofika kwenye orodha fupi ya tuzo ya Booker mwaka ule, ila mimi nimesoma ya Kiswahili aliyotafsiri Ida Hadjivayanis, ilitoka 2022, mwaka mmoja tu baada ya Gurnah kupata Nobel. (Kama hujakimaliza ruka aya hii na inayofuata, nasema kweli.) Kijana Yusuf ana miaka kumi na miwili, tajiri Aziz akija kwao humpa sarafu, na Yusuf anampenda kwa ajili ya hizo sarafu. Siku moja wanamwambia unasafiri na ami yako. Kumbe baba ana deni, na deni ndio yeye Yusuf. Halafu anayekuja kumfumbua macho ni Khalil, kijana mwenzake pale dukani kwa Aziz, naye kaletwa kwa staili ileile, anamwambia wazi huyu si ami yako, na anamwambia kwa kumchekacheka huku anamfundisha kazi, yaani ukatili na upendo kwenye sentensi moja.

Nilichokipenda zaidi ni kwamba Aziz siyo jitu baya. Ana manukato, ana upole, hapigi kelele, bustani yake ina maji na miti ya matunda. Ingekuwa rahisi kumchukia kama angekuwa anapiga watu. Unasoma kurasa nyingi ukiwa umestareheka kwenye ile bustani, ndio unashtuka kwamba vijana wanaoishi pale ndani wameletwa na deni la mtu mwingine. Na mwisho, jamani ule mwisho! Jeshi la Wajerumani, wakoloni wa wakati ule, linapita linazoa vijana, Yusuf na wenzake wanajificha, limeshapita, hatari imeondoka, na Yusuf anageuka anakimbia kulifuata. Anakimbia kitu gani, anakimbilia nini? Kuna siku nasema amechagua mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani. Siku nyingine nasema maskini, ametoka kwa bwana mmoja kwenda kwa mwingine. Naomba ukimaliza uniambie wewe unasimama wapi, kwa sababu nimeshabishana na watu hadi wamenichoka.

Vuta N'Kuvute ya Adam Shafi nilikuwa nimeisoma zamani, mwaka huu nimeirudia kwa sababu nilitaka kuangalia na muvi yake, ile ya Amil Shivji ya 2021, ambayo Tanzania iliipeleka kwenye Oscar. Najua watu wakisikia kitabu kimefanywa muvi wanaanza kuhesabu kilichokatwa. Kimekatwa kingi, sawa. Kitabu kina maneno, watu wanabishana siasa, wanataniana, wanapanga njama usiku, wapelelezi nao wako nyuma yao, Unguja ya mkoloni yote inaongea. Muvi iko kimya zaidi, inategemea nyuso na mwanga. Yasmin yule binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mtu wa kumzaa anatoroka, na kwenye kitabu unajua anawaza nini, kwenye muvi unamwangalia tu shingo na mabega unajua. Kama ni lazima nichague nachagua kitabu, na sababu ni Mwajuma. Mwajuma anampokea Yasmin bila kuuliza maswali, hana kitu, chumba chenyewe ni hicho kimoja, anampa nusu ya alichonacho na mzaha juu. Watu wakizungumzia riwaya ile wanamtaja Denge, yule kijana anayepambana na mkoloni, na Denge ni mtu wa maana kweli, lakini bila Mwajuma hakuna riwaya. Kwenye muvi nafasi yake imechukuliwa na Siti Amina ambaye ni mwanamuziki kwelikweli, na akiwepo unaona picha nzima inachangamka.

Sasa usije ukaniambia napenda tu visivyoisha. Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya Kenya, 2018, mwisho wake unaujua tangu mwanzo. Jo ni mtoto wa miaka tisa, anaumwa ugonjwa usiopona, anapenda mno muvi za mashujaa wenye nguvu za ajabu, na dada yake anashawishi kijiji kizima kimfanye aamini naye anazo nguvu hizo, hadi wanaamua kumtengenezea muvi yake. Hakuna siri wala mshangao na nililia kuliko zote nilizotaja. Niliipenda kwa sababu haikumfanya mtoto awe malaika, Jo ni mkaidi, ana hasira, anataka kucheza mpira, na mama yake anayetaka akae ndani apumzike naye ana haki yake. Ile vuta nikuvute ya mama na dada, mmoja anataka kumlinda na mwingine anataka aishi, kila mmoja ukimsikiliza unaona yuko sahihi.

Na nilipochoka kulia nikajipa Bwana Msa, yule mpelelezi, kwenye Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, kitabu cha 1960. Pale nataka kila kitu kifungwe, nataka Bwana Msa na kiko chake anikalishe chini anieleze moja baada ya jingine, na ananieleza, raha tupu.

Mapya mengine makubwa makubwa yaliyopigiwa debe mwaka mzima niliyaona pia, mawili matatu niliyaacha katikati, sina la kusema juu yake.

Cha mwisho ndicho kilichonifanya nikuandikie hivi badala ya kukupigia simu. Barua Ndefu Kama Hii ya Mariama Bâ, Msenegali, alikitoa 1979, 1980 kikapata tuzo ya Noma ya kwanza kabisa, na 1981 akafariki. Ramatoulaye yuko eda, mume wake Modou kafariki, anamwandikia rafiki yake Aissatou. Wote wawili waume zao waliwaongezea wake, Aissatou akaondoka na watoto wake akajiendeleza hadi akafanya kazi ubalozini nje, Ramatoulaye akabaki. Na hawahukumiani! Aissatou aliposikia mwenzake anahangaika na mabasi alimnunulia gari. Kuna pale wanapokuja wanaume watatu, imamu, shemeji mtu na rafiki wa mume, wamevaa vizuri, wanazunguka na maneno, mara kudra za Mungu, mara nini, mpaka ndio linatoka kwamba Modou leo ameoa, tena ameoa rafiki wa binti yake wa kumzaa. Na yeye anafanya nini? Anatabasamu, anawashukuru kwa kuja, anawapa kinywaji. Nilifunga kitabu pale, nikashindwa kuendelea siku hiyo. Lakini subiri yule shemeji arudi miaka baadaye kumposa, eda yenyewe bado, ndio utaona kile kinywaji kilikuwa kimezuia nini, anamwambia yote mbele ya wageni wake, neno baada ya neno, nilisoma kwa sauti.

Na kitu kimoja kinanishangaza pale. Karibu yote anayoandika Aissatou anayajua, walikua pamoja, yametokea mbele yake. Na Aissatou yuko njiani anakuja, kitabu kinaisha kesho yake wataonana. Bado anaandika. Nadhani kuna mambo mtu hawezi kuyaona sawasawa mpaka amwandikie mtu anayeyajua tayari, maana huyo humdanganyi.

Basi fanya hivi. Anza na Barua Ndefu, ni kifupi, utakimaliza upesi. Vuta N'Kuvute soma kitabu kwanza ndio muvi, usibadilishe. Perfect Days iangalie asubuhi wala siyo usiku ukiwa umechoka, nadhani ndicho kilichokuharibia. Na wewe niandikie vyako, vyote, hasa kile kitabu ulichosema kilikunyima usingizi halafu ukaacha kunitajia jina, nakisubiri hicho kuliko vingine.

Wako akupendaye daima