Kaka, kamera ya Ami haiuzwi

Assalamu alaykum, Kaka.

Shemegi ameniambia umeshapata mnunuzi wa kamera ya Ami wangu, marehemu baba yako, huko Maskati. Sauti zako za WhatsApp nimezisikiliza zote. Sizijibu kule kwa sababu ukipandwa na hasira unafuta, kisha unaapa hukusema. Hapa utanisoma mpaka mwisho.

Umeniagiza niiweke kwenye mfuko wake wa ngozi, niifungie kabatini, nisiiguse mpaka uje. Umeshasahau masika ya kwetu? Ngozi hunyonya unyevu na kuukalisha pale pale kwenye kioo. Lenzi ikikaa gizani na joto hili huota ukungu, na ukungu ukishakula kile kipako cha juu, fundi hana la kufanya. Shata nayo, lile pazia linalofunguka kuingiza mwanga, isipofyatuliwa mafuta yake huganda, ikawa inaburura. Mimi huifyatua mwendo wote, kuanzia sekunde nzima hadi moja ya elfu. Lenzi naiweka penye hewa na mwanga, lakini siielekezi juani, maana pazia la shata ni kitambaa na jua likikusanywa na lenzi hulitoboa. Basi hiyo bei unayojisifia imetunzwa na mikono yangu.

Na siku hizi unazungumza kama dalali: Leica M3, ya Wetzlar kule Ujerumani, imetoka 1954, namba iko juu ya kichwa. Mashallah. Wewe si ndiye uliyemaliza mkanda mzima Forodhani na mfuniko uko kwenye lenzi? Kamera hii jicho halipiti kwenye lenzi, linapita kitundu chake cha pembeni, kwa hiyo uliona mashua, uliona watoto wanaruka majini, ukapiga zote thelathini na sita. Ami alipousafisha ukatoka mweupe kama maji. Alicheka mpaka akakaa chini, na wewe ukacheka, na jioni ukaninunulia urojo ili nisikuseme kwa wenzako wa skuli. Sikusema mpaka leo.

Alitufundisha sote wawili. Haina kipimo cha mwanga, kipimo ni jua la hapa: filamu ya 400, tundu la lenzi kwenye 16, shata 500, yaani moja ya mia tano ya sekunde. Ukiingia vichochoro vya Mkunazini fungua tundu hadi 4, shata 60, na Mungu akusaidie. Mimi nilishika. Wewe ulikuwa na mpira.

Sasa nikwambie lile ambalo tunazunguka pembeni yake kila Idi.

Siku ya kupambwa dada yako nilikuwa ukumbini na wanawake wenzangu. Bibi akainuka kwenda kutunza, noti mkononi, mtandio umeshamwangukia mabegani, anacheka mpaka ufizi. Unajua Bibi hakuwa mtu wa kucheka mbele ya kamera. Nikatazama: pale katikati ya kitundu Bibi wako wawili, ndivyo kamera hii inavyoonyesha mpaka lenzi ikae sawa, nikazungusha lenzi taratibu, wakakutana. Nikafyatua. Hakuna aliyegeuka, kwa sababu mlio wake ni mdogo na taa sikuwasha.

Ukaniita uani. Hukuniuliza hata neno. Ukaipindua, ukazungusha kile kitasa cha chini, kitako kikatoka (katika mafunzo yote ya baba yako hilo ndilo ulilolishika), ukauvuta mkanda wote nje mchana kweupe, mbele ya wapishi wa biriani, mwanga ukaziunguza picha zote.

Bibi hakufika Ramadhani.

Ulisema wanawake wa nyumba yetu hawapigwi picha bila buibui. Hilo nami nimelelewa nalo, usinisomeshe. Lakini mkanda ule ningeusafisha mwenyewe, kwenye bafu la Ami, mlango nimefunga, na picha ya Bibi ingekwenda kwa Bibi. Hapana fundi, hapana duka, hapana jicho la mwanamume. Simu za mle ndani zilikuwa kumi ngapi? Kabla ya magharibi shangazi yuko kwenye stetasi za watu, mikono wazi. Hukumnyang'anya mtu simu. Shangazi mwenyewe alikuja kulia kwangu, kwako hakuthubutu.

Halafu hili la mirathi. Kweli, binti wa ndugu harithi pakiwa na mtoto wa kiume, sheikh wako amekwambia sawa. Sasa muulize na la hiba. Ami alinikabidhi kamera kabla hajaugua, mama yako akiwepo, ikatoka mlangoni kwenu ikaingia kwangu. Hiba ikishakabidhiwa imekwisha, haingojei mtu kufa. Mama yako anajua. Ukimpigia usimuulize kwa ukali, presha yake si nzuri wiki hii, na dawa ulizotuma zimefika, Allah akulipe.

Sikatai kwamba pesa unazihitaji. Ungesema hivyo tangu mwanzo tungeuza kile kiwanja cha Fuoni nilichokuachia bila maneno, na hilo nalo nilifanya kwa ajili yako, ingawa hukulitaja kwa mtu.

Kwa hiyo mwambie mnunuzi wako atafute nyengine. Hizi zilitengenezwa mpaka 1966, zimejaa duniani, hatakosa. Ukija nikakuta umeniletea mikanda ya 400, nyeusi na nyeupe, nitakupiga picha wewe na shemegi na wanao, na mara hii nitautoa mfuniko mwenyewe. Mfuko wa ngozi uchukue, huo sina kazi nao.