Otis aliomba, Aretha alidai

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, mafua ya watoto yameisha na shule zimefunguliwa. Barua yako nimeipata. Eti wimbo wa soul, ule muziki wa Wamarekani weusi, ukirudiwa na mtu mwingine umeshaharibika! Nimecheka, maana wewe ndiye unayenyamazisha nyumba nzima redio ikipiga "Respect" ya Aretha Franklin. Ule si wake, mwenzangu.

Mwenyewe ni Otis Redding, aliutunga na kuutoa 1965. Utafute uusikilize. Utamkuta mwanamume anayerudi na hela zake, anamwambia mwenzake: nikiwa sipo nikosee ukitaka, ila nikifika nyumbani niheshimu kidogo. Tarumbeta zinamsukuma, dramu inakimbia, naye anabembeleza. Wimbo mzuri, sikatai. Lakini 1967 Aretha akaushika, akasema yeye hamkosei mtu hata akiwa hayupo, na hela anazo mwenyewe. Hapo heshima si hisani tena, ni deni. Kule kulitaja neno herufi moja moja, R-E-S-P-E-C-T, hakumo kwa Otis, wala wale waitikiaji wanaomjibu mbiombio, ambao ni dada zake Aretha, Carolyn na Erma. Hata kile kipande cha saksafoni cha King Curtis katikati ni cha kuongezwa; mpangilio wake waliuchota kwenye wimbo wa Sam & Dave. Otis mwenyewe, jukwaani kwenye tamasha la Monterey, California, mwaka huohuo, alitania kwamba kuna msichana amemnyang'anya wimbo.

Kilichoharibika hapo ni kipi?

Kwangu mimi anayerudia wimbo sharti aje na neno lake. Akija na koo tu, hapo nakuunga mkono. Sikiliza "When a Man Loves a Woman" ya Percy Sledge, ya 1966: kinanda kinatambaa kama cha kanisani, tarumbeta za mwishoni zimepinda kidogo, na yule bwana anaimba kama mtu asiyejua atalala wapi usiku huo. Michael Bolton akauimba 1991, ukashika namba moja Marekani kama ule wa kwanza. Kila kitu kimenyooka, sauti anayo, lakini simwonei huruma hata kidogo. Anapiga kelele tu.

Isaac Hayes ndiye aliyenimaliza. Dionne Warwick aliimba "Walk On By" 1964 kwa chini ya dakika 3: mwanamke amejikaza, analia kwa adabu, anaomba tu apitwe. Hayes 1969 akaifanya dakika 12! Gitaa linanguruma, vinanda vinazidi kupanda, na mtu mzima anavunjika polepole mbele yako. Kuna siku sina subira nayo kabisa, naizima katikati.

Halafu huo wimbo wa asili unaoutetea, una hakika ndio wa asili? "I Heard It Through the Grapevine" watu wengi wanaujua kwa Marvin Gaye, aliyetamba nao 1968. Gladys Knight na kundi lake walishautoa mwaka mmoja nyuma, kwa furaha ya makofi na matari, mpaka unasahau kwamba mtu anasalitiwa. Na Marvin alikuwa amerekodi kabla ya Gladys, ila kampuni yao ikaukalia wake. Hapo nani kamrudia nani?

Nikukubalie mmoja. "A Change Is Gonna Come" ya Sam Cooke, ya 1964, sijasikia aliyeufikia. Aliutunga baada ya kukataliwa chumba kwenye hoteli moja ya Louisiana kwa sababu ya rangi yake, na Desemba ya mwaka huo wimbo ulipotoka kama santuri ya peke yake, alikuwa ameshauawa kwa risasi. Otis aliurudia 1965, Aretha 1967. Aretha anaanza kwa kusema kuna rafiki wa zamani alimsikia akisema jambo likamgusa moyo, ndipo anaingia kwenye wimbo. Nampenda kwa hilo. Bado narudi kwa Cooke.

Ukiandika tena niambie wewe unamchagua nani kati ya Gladys na Marvin, na usinijibu kwamba wote wazuri. Msalimie mama, mwambie vitenge vyake vimefika salama.

Wako,
Zuhura