Ile nyumba ya mzee pale mjini, usiibomoe

Kamwene mnyalukolo,

Habari za Dodoma na hilo vumbi lenu? Huku Iringa baridi ya Juni ishaingia, asubuhi nafungua duka na koti juu na kofia, wateja nao wanakuja wamejikunyata mpaka unawaonea huruma. Voisi zako nimezisikiliza zote, ile ndefu nimeirudia maana ulikuwa unaongea huku unaendesha gari (acha hiyo tabia). Kumbe mnataka nyumba ya mzee ivunjwe, ipigwe fremu chini na juu, kila mtoto achukue zake. Sasa mi naiangalia ile nyumba kila siku kutoka kwenye fotokopi yangu, na nakwambia msivunje. Wekeni watu juu walale.

Fremu mjini zimejaa ndugu yangu. Hapa mtaani kuna milango imebandikwa karatasi ya dalali toka mwaka jana, karatasi yenyewe imeshapauka namba haisomeki. Tangu mabasi ya mikoani yahamie Igumbilo, yule abiria aliyekuwa anashuka na begi, anakula chipsi, ananunua vocha, anauliza gesti iko wapi, siku hizi anaishia kule kule chini. Waliobaki ni wa mchana, wa benki, wa sokoni, wa ofisi za serikali, ikifika saa kumi na mbili wote wako kwenye daladala za Kihesa, Mkwawa, Mkimbizi, Ipogolo. Saa mbili usiku ukipita hapa unakutana na mlinzi kajifunika blanketi, basi. Af utasikia watu wanasema mji umelala, tuweke taa, tuweke bustani, tulete burudani. Taa zenyewe zitamulika nani? Mama wa ndizi za kuchoma hawezi kukaa na jiko lake mpaka saa tatu kama hakuna mtu anayeishi hapo juu wa kushuka na ndala kununua.

Na zile nyumba ndo zilivyojengwa tangu zamani, duka chini familia juu, Mhindi anafunga duka anapanda ngazi yuko kwake. Af ikaja sheria ya 1971, majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja yakachukuliwa na serikali, yakawa ya Msajili wa Majumba, baadae huko yakaangukia kwa Shirika la Nyumba la Taifa, wenyewe wengi wakaondoka nchini na juu pengi pakageuka ofisi na stoo. Mzee wenu yeye alinunua yake kwa pesa ya mbao, na unakumbuka alikuwa anasema kabisa chini panamlisha juu panamlaza. Nyinyi mkahamia Wilolesi, juu akawekwa mtu wa magodoro.

Hayo magodoro nimeyaona juzi. Dada yako alinipa funguo nikapanda na fundi. Yule jamaa kayapanga mpaka yameziba madirisha ya upande wa barabarani, kuna giza mchana kweupe, panya wamejichimbia humo wanazaliana kwa raha zao. Ila fundi kagonga ukuta kila kona kwa nyundo anasema uko imara, mnene kuliko urefu wa mkono wake mpaka kwenye kiwiko, ukuta kama huo leo hakuna wa kukujengea. Sakafu ya mbao inalia lakini haijaoza, isipokuwa kule kona ya nyuma ambako bati limetoboka na maji yameshuka miaka na miaka, pale mguu unaweza kuzama. Kazi kubwa ni choo, kipo kimoja tu, chini, nyuma. Maji mchana presha haipandi juu kwahiyo simtanki lazima, na liwekwe kwenye mnara wake, msije mkalibebesha lile paa. Umeme kila mpangaji awe na mita yake, hiyo LUKU moja ya kuchangia imeshavunja urafiki wa watu wengi hapa mjini. Fundi akigawa vizuri anatoa vyumba vinne vya self na viwili vya kawaida.

Wapangaji hautawatafuta mbali. Manesi wa hospitali ya mkoa wanaotoka zamu usiku na kulipa bajaji kila siku, watu wa benki waliohamishiwa huku bila familia, wanafunzi wa chuo cha RUCU (hao chukua kodi bumu lao la mkopo likitoka, usisubiri wiki ya pili). Mtu anaishi hapo, soko kuu anaenda kwa miguu, hospitali kwa miguu, Bustani ya Uhuru kwa miguu, Boma kwa miguu, na jasho halimtoki.

Kero ni pa kupitia hapo. Mwaka 2021 machinga walivyoondolewa barabarani kila mkoa, tuliambiwa waenda kwa miguu watapata njia yao. Hapa kwangu nafasi imechukuliwa na magari na bodaboda, mtaro mfuniko mmoja umekufa hakuna anayejali, bibi mwenye fimbo anatembea katikati ya lami na bajaji zinampigia honi. Na mi nitasema hata kama utanibishia, machinga angalau alikuwa anawasha taa yake jioni na anajua nani kapita. Gari lililopaki halioni mwizi.

Burudani unayoitaka naitaka pia, ila sikiliza, fremu za chini usimpe mtu wa baa. Najua ndo anayelipa vizuri. Akishawasha spika zake, nesi wako wa juu anahama mwezi huo huo, af mnaanza kukimbizana na NEMC, wale wa mazingira, kwa malalamiko ya kelele. Mpe mtu wa chakula, kahawa, hata banda la mpira ili mradi lifunge mapema. Ulanzi, ile pombe ya mianzi, hapana, mzee alikuwa mlokole mngemwamsha. Angalia Forodhani kule Zanzibar, Aga Khan waliitengeneza ikafunguliwa upya 2009, usiku pamejaa watu wanakula pweza na urojo, na nyuma yake tu ni Mji Mkongwe ambao watu wanaishi, kuna watoto, kuna wazee barazani. Sisi tuna Boma, jengo la Mjerumani lililokuwa limechoka kabisa, 2016 likafunguliwa makumbusho na wageni wanaingia. Mtalii wa Ruaha analala usiku mmoja hapa, akitoka Boma anarudi hotelini kwa sababu jioni hana pa kutembelea. Hela yake inalala naye.

Sasa la kaka yako mkubwa, maana najua yeye ndo anasukuma kuvunja ili kila mtu awe na chake. Kuna sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu ya jengo, jengo moja linagawanywa na kila mmoja anapata hati ya kipande chake, anaweza kukiuza au kukikopea. Yani mgao mnaoutaka unawezekana nyumba ikiwa imesimama. Ila ngazi ni ya wote, paa ni la wote, na lazima muwe na chombo cha kusimamia hayo ya pamoja na kuchangishana, na hapo kwa kuwafahamu nyinyi bora aishike dada yako hiyo daftari. Anza na afisa ardhi wa manispaa, nenda na mchoro, ukienda na maneno matupu watakuzungusha.

Fundi anataka jibu kabla hajaenda Mafinga kwenye kazi nyingine, akishaondoka mpaka arudi mvua zitakuwa zimeshaanza na lile bati limefunguka. Kaka yako mwambie habari ya hati kwanza, ya wapangaji iache ije baadae. Mtu wa magodoro mpeni notisi ya maandishi, nitaichapa mimi hapa dukani, nitumie tu jina lililoko kwenye mkataba. Shemeji na watoto wasalimie.